Mzee Pyo na Usingizi wa Kusujudu

Sisi wa ukoo wa Pyo hatusemi uongo, ila tukizungumzia samaki, jeshi na pilipili za shambani. Hii ni habari ya usingizi, kwa hiyo niaminini.

Kila mwaka, mpunga ukishaingia ghalani, ukoo mzima hupanda mlima wa Damsil kwenye makaburi ya mababu. Meza hupangwa mbele ya kaburi: wali, samaki mkavu, nyama, keki za mchele, matunda, na pombe ya mchele. Anayeongoza ibada ni mtoto wa kwanza wa tawi la kwanza, na huyo ni kaka Man-seok, kama tunavyomwita sisi binamu zake wadogo. Mgongo wake umenyooka kama mpini wa jembe, na ana macho ya mtu anayekuhesabia makosa hata ukiwa umelala. Akishawamiminia mababu pombe, anapiga magoti, anaweka paji la uso juu ya mikono, nasi sote nyuma yake tunasujudu vivyo hivyo. Hapo mababu wanaachwa wale. Muda wenyewe ni wa vijiko tisa vya wali, vijiko vya mtu asiye na haraka. Kisha kiongozi anakohoa, maana yake karamu imekwisha, nasi tunanyanyuka. Asipokohoa, hanyanyuki mtu. Hata nyoka akikupita mgongoni unamwachia njia.

Basi mwaka juzi kaka alikuwa amechoka. Alikuwa amesimamia mapishi, akawagombeza wanawake, akaenda mwenyewe kung'oa magugu ambayo yalikwisha kung'olewa. Akasujudu, nasi tukasujudu. Vijiko tisa vikapita. Nikasubiri kikohozi. Vikapita vingine tisa. Nikaanza kufikiri mababu wamemaliza sufuria, sasa wanakwangua ukoko. Baridi ikapanda kutoka kwenye mkeka, ikaingia magotini ikafika kwenye meno. Ndipo tukasikia ngurumo.

"Mvua," mtu akanong'ona.

Haikuwa mvua. Ilikuwa pua ya kaka Man-seok. Nasikia upande wa pili wa mlima watu walianua nguo. Na kama hilo halikutosha, katikati ya kukoroma kwake akasema, kwa sauti safi ya kiongozi wa ibada: "Kuleni haraka, wazee, baridi inatuua!"

Aliwaambia hivyo mababu. Watu waliolala chini ya ule udongo tangu enzi za wafalme.

Wa kwanza kushindwa alikuwa Byeong-gu, binamu yetu, aliye mdogo kwa kaka na ambaye tangu utotoni hajawahi kuliona kosa la mwenzake akaliacha lipite. Alicheka kwa pua. Pua ya Byeong-gu ikaambukiza pua nyingine, na muda si mrefu ukoo mzima ulikuwa umelala chini ukitetemeka. Kaka akazinduka. Akatugeukia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka namna ile. Ulishuka kama pazia.

Kwenye kula, Byeong-gu akamalizia kazi: "Kaka, mababu wanalalamika. Wanasema wamefukuzwa mezani."

Neno likashuka mlima kabla yetu. Sokoni muuza samaki akawa anamwambia kaka, "Mzee Pyo, chagua haraka, baridi inatuua!" Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na wa kaka ulikuwa umeumbwa nayo yote ya ukoo.

Tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Si kwamba hauji. Ulikuwa unakuja hadi mlangoni. Kope zikigusana tu, anaruka akikohoa, "Khm! Khm!", kama mtu mwenye watu thelathini waliosujudu nyuma yake wakisubiri. Mke wake, mama Yean, ambaye tunamwita hivyo kwa jina la kijiji alikotoka, alisema mbele yangu: "Shemeji, niliolewa na mwanamume, sasa nalala na jogoo."

Miezi ikapita. Kaka akakonda, mashavu yakaingia ndani. Akawa anasinzia ameshika kijiko. Na ibada ya mwaka mwingine ilikuwa inakaribia. Mtu asiyelala kitandani, akigusa mkeka wa mlimani si atakoroma kabla pombe haijamiminwa? Byeong-gu akawa anapitapita kwa mashangazi na baba zetu wadogo: "Kaka amechoka jamani. Tumpumzishe. Mimi naweza kuongoza." Kaka aliposikia, alikuwa anakunywa maji; aliyatema. Nafasi ile baba yake hakuiacha hata wakati wa vita, alipanda mlima na mguu mmoja umefungwa kitambaa. Sasa ichukuliwe kwa sababu ya kukoroma?

"Chun-sik," aliniambia, "usingizi si kitu. Mimi nimepoteza uso."

Hapo sina budi nieleze neno moja, maana bila neno hilo hakuna hadithi. Kwetu uso wa mtu, ile heshima anayotembea nayo mbele za watu, tunauita *chemyeon*. Na ule usingizi ambao mtaalamu anakutia kwa maneno matupu, bila dawa, unaitwa *choemyeon*. Tofauti yake mdomoni ni nyembamba kama unywele wa kope, na kwa ulimi wa watu wa milima yetu haipo kabisa.

Kaka akaenda kunyolewa mjini Andong. Kinyozi, katika kuzungumza, akamwambia ghorofani juu yake kuna mwanamke anatibu kwa *choemyeon*. "Mzee, watu wanapanda ngazi hizi wamekunjamana, wanashuka wamenyooka kama wamepigwa pasi!"

Kaka akaja kwangu na nywele nusu. Hakungoja zimalizwe.

"Washa gari. Mjini kuna mahali wanarudisha uso."

Nilimtazama. Nilijua kosa limeingilia wapi, lakini mimi ni mtu niliyestaafu, na siku ni ndefu. Nikawasha gari.

Mtaalamu aliitwa Namgung Seo-ran, umri wa binti yake wa mwisho, amevaa sweta la rangi ya maziwa, na akatukaribisha chai ya shayiri. Kaka akamwita mwalimu, kama kwetu inavyopasa kumwita mtaalamu yeyote. Ila alikataa mlango ufungwe. Kukaa chumbani na mwanamke asiye mke wake, mlango umefungwa, hapana. Basi ukaachwa wazi kidogo, nami nikakaa nje nikipuliza chai yangu bila kelele.

"Mzee," nikamsikia mwalimu, "umewahi kupata *choemyeon* kabla ya leo?"

"Nimezaliwa nayo, mwalimu. Baba yangu alikuwa nayo. Babu yangu alishuka nayo kaburini."

"Familia nzima?"

"Ukoo mzima. Ni mimi tu niliyeipoteza."

"Uliipotezaje?"

"Mbele za watu. Mlimani."

"Na... ungependa nikusaidie kuipata tena?"

"Ukiweza, yote. Ukishindwa, hata nusu tu, ya kuendea sokoni."

Niliuma mkono wa koti langu. Ndani, kalamu ikawekwa mezani.

"Samahani sana, mzee. Unazungumzia *chemyeon*? Uso?"

"Kwani wewe unauza nini?"

"Mimi natibu watu wasiolala. Nawalaza kwa maneno."

Kiti kikalia. Kupitia ule uwazi wa mlango nikaliona sikio la kaka, na lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoanikwa juu ya paa. Alitoka nje ya chumba akiinama na kuinama, "nimekusumbua, nimekusumbua," akitafuta viatu vyake, na kiatu cha kushoto akakilazimisha mguu wa kulia. Kikagoma. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja mbele ya msichana anayeweza kuwa binti yake. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, lakini kicheko kikagoma kuja. Mzee mwenye mgongo ule, akihangaika na kiatu.

"Mzee," mwalimu akasema taratibu, "kwani unalala?"

Kaka akaacha kiatu.

"Kuna rafiki yangu," akasema, "ndiye halali."

"Basi rudi unieleze habari za rafiki yako."

Akarudi, kiatu kimoja mguuni. Rafiki yule alidumu sentensi mbili, kisha akafa, ikabaki "mimi". Akaeleza mkeka, vijiko, ngurumo. Alipofika kwenye yale maneno aliyowaambia mababu, sauti ikazama hata mwalimu akamwomba arudie. Ikabidi arudie. Kisha akangoja kicheko. Hakikuja.

"Na usingizi wenyewe, mzee? Ule wa mlimani. Ulikuwaje?"

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, hata mke wake.

"Mtamu," akasema. "Mwalimu, aibu yangu ni hiyo hasa. Ulikuwa mtamu. Sijawahi kulala hivyo tangu nizaliwe."

Wakaanza kazi. Kumbe kumlaza kaka Man-seok kwa maneno ni sawa na kumlaza askari wa lindo.

"Vuta pumzi polepole, mzee."

"Asante."

"Mikono yako inakuwa mizito..."

"Si mizito sana, usijali."

"Macho yako yanataka kufumba."

"Yasubiri, mwalimu. Wewe bado unazungumza."

Maana kufumba macho mtu anapozungumza nawe ni utovu wa adabu, na kutojibu ni utovu mkubwa zaidi. Mwalimu akashusha pumzi.

"Mzee, kila nikikuheshimu, unainuka kuipokea heshima. Hatutafika. Niruhusu nikukosee adabu. Nizungumze nawe kama mtu anavyozungumza na mtoto."

Nikasubiri radi. Kaka hata mimi, niliye mdogo kwake kwa mwaka mmoja tu, hajaniruhusu kumwita bila kuanza na "kaka".

Akasema: "Basi mlango ufungwe. Yule mpumbavu hapo nje asisikie."

Ukafungwa. Yaliyofuata nilisimuliwa naye baadaye, garini, akitazama dirishani upande wa pili. Mwalimu alimwita Man-seok. Man-seok mtupu, bila mzee, bila bwana, kama mama yake alivyokuwa akimwita kutoka jikoni. Akamwambia akae anavyopenda kukaa, naye, akiona haya hadi kwenye nyayo, akateremka kwenye mkeka na kusujudu. "Hivyo hivyo," mwalimu akasema. "Paji la uso likigusa mikono, usingizi unakuja, Man-seok. Kila likigusa, unakuja. Lala sasa." Akalala. Kule chini kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea akidhani imeharibika, na ngurumo ikaendelea.

Tulirudi mara kadhaa, kisha haikuhitajika tena. Nyumbani kaka alikuwa anapiga magoti kitandani, anaweka paji juu ya mikono, na usingizi unamwangukia kama gunia la mpunga. Mashavu yakarudi. Mama Yean akasema, "Jogoo ameondoka, sasa ninaye chura. Lakini chura afadhali, hawiki."

Mambo yakawa mazuri hadi siku kaka alipodondosha kifungo cha shati. Kikabingirika chini ya kabati. Akapiga magoti, akainama, paji likagusa mikono. Mama Yean alimkuta anakoroma, makalio juu, asubuhi ya jua kali. Akamtikisa. "Baba watoto! Na mlimani je?"

Kaka akakaa kitako sakafuni. Rangi ikamtoka.

Akampigia simu mwalimu nami nikiwa hapo. Sauti ya yule binti ilitoka nyembamba kwenye simu: "Mzee, kwani mnasujudu tena? Nilidhani ni jambo lililotokea mara moja."

"Mwalimu, kila mwaka! Kwenu hamwainamii mababu?"

"Sisi ni watu wa kanisa. Tunasimama, tunaomba, tunakula." Kisha akasema: "Kosa ni langu. Ningeuliza. Nisamehe sana. Naweza kuufungua ule usingizi kutoka kwenye kusujudu. Ila sitakudanganya, mzee. Nikiufungua, huenda usirudi."

Kaka akaweka simu chini polepole kama kikombe kilichojaa.

"Umeona, Chun-sik? Ama *choemyeon*, ama *chemyeon*. Nilikwenda kutafuta kimoja nikapewa kingine, na sasa vinakataa kukaa nyumba moja."

"Mwachie Byeong-gu aongoze," nikasema. "Wewe ulale."

Alinitazama mpaka nikaomba radhi.

Siku chache kabla ya ibada akaniambia nimpeleke kwa Byeong-gu. Nikafikiri wanakwenda kupigana, nikafurahi kidogo. Tulimkuta shambani anakata kabichi za kuwekea chumvi. Kaka hakukaa. Alivua kofia, jambo ambalo hajalifanya mbele ya mdogo wake tangu nimfahamu.

"Byeong-gu. Mlimani nitalala tena."

Kisu kikasimama. "Unasemaje?"

"Nikisujudu nalala. Nimefanyiwa tiba. Mwanamke mmoja ameniita kwa jina langu kama mtoto, nikalala, na sasa kila nikigusa mikono yangu kwa paji nalala. Ndivyo ilivyo."

Nikaona pua ya Byeong-gu inaanza kutanuka.

"Basi kaka, nipe mimi uongozi."

"Sikupi. Nataka unikoholee."

"Nini?"

"Vijiko tisa vikipita, ukohoe wewe badala yangu, watu wainuke wasigande kama mwaka jana. Uwe nyuma yangu kabisa."

Byeong-gu alifuta kisu kwenye suruali, upande huu na upande huu. "Kaka, unajua ninachoweza kufanya na habari hii? Unajua soko lina masikio mangapi?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe. Ukishaijua wewe, hakuna mwingine wa kumwogopa."

Byeong-gu akatazama kabichi zake. Pua ilikuwa imerudi mahali pake. "Nikohoe vipi?" akauliza kwa hasira, kama aliyetukanwa.

"Kama baba yako alivyokuwa akikohoa. Si kama mgonjwa."

Kwenye gari kaka alifunika uso kwa kofia njia nzima. Nilidhani amelala. Hakuwa amelala.

Siku ya ibada upepo ulikuwa na meno. Kaka akamimina pombe bila kumwaga tone, akapiga magoti, akateremka. Paji likagusa mikono, na hapo hapo mabega yakalegea. Sikusali wala sikuwawaza mababu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nahesabu vijiko. Hakusema neno. Alikoroma kidogo tu, kama birika lililowekwa moto mdogo. Kisha nyuma yake kikatoka kikohozi kizito, cha polepole, na wazee wakashtuka, maana kilikuwa kikohozi cha marehemu baba yake Byeong-gu, kilekile.

Tukanyanyuka. Kaka akabaki chini.

Watu wakatazamana. Byeong-gu akaweka kidole mdomoni. Na hapo ndipo wote tulipokumbuka jambo ambalo kaka mwenyewe, katika mipango yake yote, hakulifikiria: hakuna anayegusa chakula cha ibada kabla kiongozi hajanywa kikombe cha kwanza.

"Mwamsheni," akasema shangazi mmoja, macho kwenye nyama.

"Mwamshe wewe," akasema Byeong-gu.

Shangazi akamsogelea. Akainama. Akakaa ameinama muda, akimtazama. Kisha akavua shali yake akamfunika mgongo, akarudi kukaa. Baada ya hapo hakuna aliyesema mwamsheni. Tulikaa kwenye nyasi, ukoo mzima, mikono kwapani, tukitazama chakula kinavyopoa. Supu ikaota ngozi. Kama mnataka kuniamini, niaminini: pombe iliganda kikombeni, na kunguru mmoja alikuja, akatutazama, akatuonea huruma, akaondoka. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni wa kumpa kaka akiamka, mzaha mzuri sana, nilioutengeneza tangu shamba la kabichi. Nikautunza kwa ulimi usipoe.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa kaburi alipotikisika. Akainua kichwa, paji limechorwa alama za mkeka. Akatuona. Akaona nyama nzima, keki nzima, samaki na macho yake yote mawili. Akaelewa. Damu ikampanda shingoni, masikioni, hadi kwenye ngozi ya kichwa, na kwa mkono mmoja akaivuta ile shali ya shangazi akajifunika uso.

"Kwa nini hamli?" sauti ikauliza kutoka ndani ya shali.

"Kikombe chako, kaka," akasema Byeong-gu.

Hakutoka. Tungekuwa pale hadi leo, kama si mke wa mtoto wa Byeong-gu, msichana aliyeolewa kwetu majira ya joto yale, ambaye bado anatuogopa sote na kushika kila adabu aliyofunzwa. Mkubwa akiamka, mdogo husogea na kumsalimu; yeye hakuuliza kama ni asubuhi au ni alasiri, nyumbani au makaburini. Akasogea, akainama, akasema kwa sauti ndogo, kwa wingi wa heshima:

"Baba mkubwa, mmelala salama?"

Shali ikatulia. Mtu akisalimiwa hivyo hana njia ila kujibu.

"Nimelala," kaka akasema, na ikabidi auonyeshe uso, maana huwezi kujibu salamu ukiwa umejifunika. "Asante. Nimelala."

Kwa kuwa mmoja amesalimu, wengine nao wasingeweza kubaki. Wakaja kwa umri, mmoja mmoja, kuanzia wadogo. "Babu, mmelala salama?" "Baba mkubwa, mmelala salama?" Na kila mmoja kaka alimjibu, amekaa kitako kwenye mkeka, masikio yakiwaka, hana pa kuyaficha. Byeong-gu alikuja karibu na mwisho. Aliuliza akitazama ardhi. Kaka alimjibu akitazama ardhi ileile.

Kisha zamu yangu. Nikapiga magoti na mzaha wangu. Nikafungua mdomo.

"Kaka, umelala salama?"

"Nimelala, Chun-sik," akasema. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akageukia pembeni, kama kwetu kijana anavyogeuka kwa heshima akinywa mbele ya wakubwa zake, akanywa.